Mbona sijamtaja mtu? Mimu, kanga na kicheko chenye bei

Wiki iliyopita kwenye kipindi tulicheka sana kuhusu zile picha za "asubuhi njema". Unazijua: waridi jekundu, kikombe cha chai kinachofuka moshi, na dua iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu, imetumwa na shangazi saa kumi na moja alfajiri kwenye makundi yote aliyomo. Baada ya hapo tukapokea ujumbe mwingi wa sauti kutoka kwenu, na swali lilikuwa karibu lile lile kila mara: hizo za maua naelewa, ila zile zinazofanya ukoo mzima uandike hahaha mara arobaini, mbona mimi sizipati? Maneno yote nayajua. Kichekesho sikioni.

Swali hilo nalijua vizuri. Nimezaliwa Uingereza, Kiswahili changu nilikipata jikoni kwa mama na kwenye likizo za Tanga, na mpaka leo ziko mimu zinazopita kwenye kundi letu la familia nikabaki natazama skrini tu. Nadhani tatizo haliko kwenye msamiati. Ni kwamba mimu nzuri za Kiswahili mara nyingi hazisemi zinachosema. Ni mafumbo. Na fumbo lina kazi nzito kuliko kuchekesha: linamlinda aliyelisema. Hilo linatuhusu sisi tulio nje zaidi ya tunavyodhani, kwa hiyo leo tukae nalo kidogo.

Kwanza neno lenyewe. Kwenye kipindi tunasema "mimu", maana ukiandika "meme" kama Waingereza, bibi atakusomea mlio wa mbuzi. Aliyelitunga ni mwanabiolojia Richard Dawkins, kwenye kitabu chake The Selfish Gene cha mwaka 1976, siku ambazo hakuna aliyekuwa na intaneti nyumbani. Alitaka jina la vitu vinavyonakiliwa kutoka kichwa hadi kichwa, kama wimbo, msemo au mtindo wa mavazi, jinsi jeni zinavyonakiliwa kutoka mwili hadi mwili. Na Dawkins alizaliwa wapi? Nairobi, mwaka 1941. Sisemi mimu ni ya kwetu kwa sababu hiyo. Ushahidi mzuri zaidi uko kabatini kwa mama.

Picha katikati, maneno chini

Fungua hilo kabati, au ule mfuko wa chini ya kitanda ambao haujaguswa tangu 1994. Toa kanga moja uitandaze. Ina sehemu tatu. Kuna pindo, ule ukingo unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani picha au nakshi ya katikati: korosho, jogoo, mnazi, hata uso wa rais. Na kuna jina, yale maandishi ya chini, mstari mmoja, kwa kawaida herufi kubwa. Mombasa wengi wanaiita leso, lakini mpango ni ule ule.

Picha katikati, maneno chini. Inachapwa kwa maelfu. Leo mji unabadilika jina linabaki, kesho jina linabadilika mji unabaki. Sasa niambie hiyo inatofautiana wapi na mimu.

Kanga ilianza kuvaliwa pwani ya Afrika Mashariki katika nusu ya pili ya karne ya 19. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi tunazotumia sasa. Mombasa kuna nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, na wapo akina mama ambao hawanunui leso kabla ya kuangalia kama imeandikwa "Mali ya Abdulla", alama ya nyumba hiyo. Kanga haikuwahi kuachwa nyuma na habari pia. Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani mwaka 2008, haukupita muda sura yake ikawa kwenye kanga.

Lakini mwenye kujua kanga haangalii picha kwanza. Anasoma jina. MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Hayo ni majina ya kanga ya siku nyingi, na kila moja ni kombora lililofungwa kwenye zawadi. Niliwahi kuwa kwenye harusi hapa Uingereza, ukumbi wa shule uliokodishwa, viti vya plastiki, pilau kwenye masufuria makubwa nyuma. Mama mmoja akaingia na MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, akaketi mstari wa mbele kabisa. Hakufungua kinywa. Kabla pilau haijapakuliwa, wanawake wote ukumbini walishajua "siye" ni nani. Na aliyelengwa angefanya nini? Akilalamika, amekiri mwenyewe kwamba yanamhusu. Mwenye kanga angemjibu kwa upole kabisa: "Mwenzangu, mbona sijamtaja mtu? Mimi nimevaa nguo."

Hiyo ndiyo mashine yote. Kila mtu ameelewa, na hakuna aliyesema. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Sisi tuliokulia nje tuko katikati hapo: maneno tunayo, ufunguo hatunao.

Tatu zilizosambaa, ngazi tatu

Ili uone ufunguo unaingilia wapi, zipange zilizovuma kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni zile zisizohitaji lugha kabisa. Kili Paul na dada yake Neema, Watanzania, walianza kuvuma mwaka 2021 kwa video wakiwa wamevaa mavazi ya Kimasai na kufuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. India ikawapenda. Februari 2022 ubalozi wa India Dar es Salaam ukampongeza Kili, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao kwenye kipindi chake cha redio, Mann Ki Baat. Au chukua Ghetto Kids wa Uganda: mwaka 2014 walicheza kwenye video ya Sitya Loss ya Eddy Kenzo, 2017 wakaonekana na French Montana kwenye Unforgettable, na 2023 walipanda jukwaa la Britain's Got Talent, ambapo Bruno Tonioli alibonyeza kile kitufe cha dhahabu hata hawajamaliza kucheza. Wenzangu wa kazini wote waliiona hiyo. Hawakuniuliza nitafsiri kitu. Mwili unajieleza.

Ngazi ya pili inahitaji ujue mahali na siku. Tarehe 8 Agosti 2017 Wakenya walikuwa kwenye foleni za kupiga kura. Mtu mmoja akapigwa picha akiwa kwenye foleni, anakula githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki, ametulia kabisa kama yuko kwake sebuleni. Basi. Hakuna zaidi. Lakini kufikia usiku Kenya nzima ilikuwa imemkata na kumbandika kila mahali, kwenye mabango ya matangazo, pamoja na wakubwa wa dunia, na jina likawa Githeri Man.

Rafiki wa Kiingereza ukimwonyesha picha hiyo atasema, mtu anakula, sasa? Itabidi umweleze kwamba githeri ni mahindi na maharage, chakula cha bweni na cha mwisho wa mwezi, kisicho na majivuno hata kidogo. Umweleze pia kwamba uchaguzi wa 2007 ulifuatwa na vurugu zilizoua watu zaidi ya 1,000, kwa hiyo kila siku ya kura Kenya ina pumzi iliyobanwa. Halafu katikati ya pumzi hiyo, mtu anatafuna. Watu walicheka kwa sababu walikuwa wameogopa. Hata ule mfuko una habari yake: siku 20 baadaye, tarehe 28 Agosti, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki.

Ngazi ya tatu ndiyo inayotushinda. Pale hata mahali hapatoshi, lazima uipate lugha yenyewe inavyojikunja.

Zakayo na mti wake

Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na wafanyakazi wakaanza kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Wakenya wakampa rais jina: Zakayo. Kwa waliokulia kanisani hilo halihitaji maelezo. Zakayo ndiye mkuu wa watoza ushuru kwenye Injili ya Luka, tajiri mfupi aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu akipita, na Yesu akamwambia ashuke. Upande wa mama yangu ni Waislamu watupu, na mama mdogo wa Mombasa ilibidi amuulize jirani yake. Akarudi kundini na hadithi nzima kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Ndipo nilipoelewa.

Halafu ikaja Juni 2024 na Muswada wa Fedha wa mwaka huo. Vijana wakajaa barabarani, na kilio kimoja kikatawala mabango, klipu na stika: Zakayo shuka.

Hebu tukae hapo kwenye "shuka". Wengi wetu neno hilo tunalijua kitandani, shuka na foronya, au kwenye lubega la Kimasai. Tendo la kushuka tunalijua kwenye daladala na matatu: "Nashuka hapa, kondakta." Zakayo anaambiwa ashuke mtini. Rais anaambiwa ashuke kitini. Kodi nayo ishuke. Neno moja, silabi mbili, na madai matatu. Ukitafsiri kwa Kiingereza utapata moja, mawili yanamwagika njiani. Na polisi akikuuliza ulikuwa unaimba nini, ulikuwa unasimulia habari za Luka sura ya 19.

Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na watu wengine siku hiyo waliuawa kwa risasi. Kesho yake rais akatangaza hatausaini ule muswada. Sisemi mimu ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Walioifanya ni watu, kwa miguu yao, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Nasema kwamba watu wasiofahamiana walipata namna ya kusema jambo moja kwa pamoja, na namna hiyo ilikuwa fumbo.

Mwishoni mwa mwaka huo Zakayo akapata mwenzake. Wakenya walianza kumwita rais Kasongo, kutoka wimbo wa zamani wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya wanamuziki wenye asili ya Kongo waliokuja kuishi Nairobi miaka ya 1970. Wimbo huo unaimbwa kwa Kilingala, na Kasongo wa kwenye wimbo ni mume anayebembelezwa na mkewe arudi nyumbani. Ghafla kila klipu ya ndege ya rais ikiruka au kutua ilikuwa na gitaa hilo nyuma yake. Tafuta jina la rais kwenye klipu hizo, hulioni. Kuna muziki tu. Mbona hakutajwa mtu?

Kutoka 2015 hadi 2020

Sasa tuhamie Tanzania, kwa sababu kule rais mmoja anatuonyesha pande zote mbili za kicheko.

John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015. Ndani ya wiki chache akawa amefuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuagiza siku hiyo watu wafanye usafi, na fedha za hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda vya Hospitali ya Muhimbili. Mtandao ukalipuka. Chini ya alama ya reli #WhatWouldMagufuliDo, watu wa Tanzania, Kenya na kwingineko walishindana kuonyesha namna za kubana matumizi: mambo ya ajabu ya kukwepa kununua kitu kipya, kwa sababu Magufuli angefanya nini? Hata sisi huku tulishiriki. Ilikuwa kicheko cha mapenzi, na hakikumgharimu mtu kitu.

Miaka minne baadaye, Oktoba 2019, mchekeshaji Idris Sultan, yule aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014, aliweka mtandaoni picha alizobadilishana sura na rais siku ya kuzaliwa ya rais. Akaitwa polisi na kuhojiwa. Mei 2020 akakamatwa tena. Safari hii ilikuwa video ya yeye akicheka. Alikuwa anacheka picha ya zamani ya rais akiwa kijana, amevaa suti iliyomzidi. Sote tuna picha kama hiyo ya baba au mjomba, suti ya kuazima, mabega yako Dar mikono iko Morogoro. Kesi ilipofika mahakamani ilihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kicheko chenyewe hakikuandikwa kwenye mashtaka.

Ona jambo hilo kwa macho ya mwenye kanga. Fumbo linakulinda kwa sababu mwenye nguvu akijitokeza kulalamika anajiaibisha. Lakini ulinzi huo unafanya kazi pale tu ambapo mwenye nguvu anaona aibu. Asipoona, hahitaji hata kuthibitisha ulimsema yeye. Atatafuta laini ya simu.

Kenya nako ikawa vivyo hivyo, kwa njia ya giza zaidi. Desemba 2024 vijana kadhaa waliokuwa wamesambaza picha za kumkejeli rais walichukuliwa na watu wasiojitambulisha. Mmoja wao alikuwa mchoraji wa katuni anayejulikana kwa picha za vivuli: umbo jeusi tupu, hakuna macho, hakuna mdomo, na bado kila mtu anajua ni nani. Polisi walikana kuhusika. Mapema Januari 2025 kadhaa waliachiwa na kurudi makwao. Fikiria hilo. Kivuli hakina uso, hakina jina, na bado kilitosha mtu kuchukuliwa barabarani.

Tiki moja

Kwenye kundi letu la familia kuna watu wa Tanga, Mombasa, Muscat na sisi wa huku. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa nchini. Siku hiyo kundi liligawanyika bila mtu kutoka. Sisi wa nje tuliandika, tukaona ujumbe wetu umekaa na tiki moja ya kijivu. Wa Mombasa wakaandika, tiki moja. Mama alikuwa akiamka usiku kuangalia kama imekuwa mbili. Siku kadhaa.

Intaneti iliporudi, wa kwanza kuonekana alikuwa binamu yangu wa Tanga. Sote tulikuwa tumemwuliza maswali hamsini. Hakujibu hata moja. Alituma stika: paka amekaa chini ya meza, macho makubwa, amefunika mdomo kwa mkono. Mama akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mzima. Ila hawezi kusema." Kisha akanigeukia: "Na wewe usimuulize humo."

Hapo ndipo nilipoelewa ninachojaribu kuwaambia leo. Ile stika ilikuwa barua kamili. Ilisema niko hai, ilisema kuna mambo, ilisema msiniulize hapa. Mtu asiyejua kusoma fumbo angeona paka wa kuchekesha, na angeendelea kumuuliza.

Sisi tunaocheka bure

Tusijidanganye kwamba tulio nje wote tuko salama sawasawa. Wasikilizaji wetu wa Dubai na Abu Dhabi wanajua kwamba sheria ya uvumi na makosa ya mtandao iliyoanza kutumika Januari 2022 huko si ya mchezo. Na hata hapa Uingereza kuna kijana aliyehukumiwa mwaka 2010 kwa mzaha alioandika Twitter kuhusu kulipua uwanja wa ndege uliofungwa kwa theluji. Ilimchukua mpaka Julai 2012 kusafishwa na Mahakama Kuu. Lakini kwa jumla, mimi nikicheka suti ya rais kwenye treni ya asubuhi, hakuna atakayenishusha kituo kinachofuata. Kicheko changu ni cha bure. Cha binamu yangu kina bei. Na mara nyingi tunacheka picha ile ile.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kupendekeza. Wala si sheria, ni adabu tu.

La kwanza, ukishindwa kuelewa mimu, uliza, lakini uliza pembeni. Mpigie shangazi, au mwandikie peke yake: "Shangazi shikamoo, hii imekaaje?" Usione haya. Kumfungulia mtu fumbo ni raha, na njiani utapewa Biblia, muziki wa miaka ya sabini, bei ya unga, na jina la mbunge aliyelala Bungeni. Hakuna programu ya kujifunza lugha inayokupa hayo. Mimi Kiswahili cha "ninaitwa fulani, ninatoka fulani" nilikuwa nacho tangu utotoni. Kiswahili cha kusikia ambalo halikusemwa nimekipata kwa kuuliza hivyo.

La pili, ukishalielewa, usilifungue hadharani. Hili ndilo kubwa, na linatupata sisi hasa, kwa sababu tunapenda kuwaeleza marafiki zetu. Tunachukua klipu ya mtu wa nyumbani, tunaweka maandishi ya Kiingereza chini, tunaandika waziwazi anayesemwa ni nani, tunamtaja kwa akaunti yake rasmi, na pengine jina au namba ya aliyetuma imebaki juu ya picha ya skrini. Tumefanya nini hapo? Tumemvua kanga mtu aliyejifunika. Yeye alisema kivuli, sisi tumechora uso. Yeye alikuwa na jibu lake, mbona sijamtaja mtu, sisi tumetaja kwa niaba yake. Ukitaka kumsema kiongozi na unaishi mahali ambapo unaweza, msema kwa jina lako mwenyewe na kwa maneno yako mwenyewe. Ni haki yako, na wakati mwingine ni wajibu. Lakini la mwenzako liache lilivyofungwa.

La tatu, angalia kicheko kinaelekea wapi. Kanga ya mafumbo ilivaliwa mbele ya mwenye kiburi. Jirani mgonjwa hakuvaliwa kanga. Mimu nyingi tunazofowadi ni za watu ambao hawakuomba kuonekana: mlevi aliyeanguka, bibi harusi aliyekosea hatua, mtoto anayelia shuleni. Githeri Man ilimwendea vizuri mwanzoni, alipata zawadi, na mwisho wa mwaka ule rais alimtunuku nishani. Lakini yeye alikuwa mtu mwenye njaa kwenye foleni, hakuwa mchekeshaji. Umaarufu ulimkuta anatafuna. Tangu mwaka 2020 WhatsApp inazuia ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi usipelekwe kwa zaidi ya kundi moja kwa mara moja. Sisi tunaweza kujiwekea breki yetu kabla ya ile ya kampuni: huyu akijiona hapa, atacheka na sisi?

Najua wengine watasema nimeipa picha ya kuchekesha uzito wa sheria na katiba. Pengine. Lakini ukiona serikali inakata intaneti ya nchi nzima, au watu wanachukuliwa kwa sababu ya kivuli, ujue wao walishaipa uzito huo kabla yangu. Na bibi zetu waliujua zamani. Walikwenda dukani, wakageuza kanga kumi wakisoma majina, wakachagua moja, wakalipa, wakaivaa siku inayohitajika, mbele ya mtu anayehitajika.

Kipindi kijacho tutamkaribisha mama yangu studioni na doti zake nane, na atatusomea moja moja. Ameshanionya kwamba mbili hatazieleza hewani. Kabla ya hapo tunaomba mtutumie ujumbe wa sauti: jina la kanga ambalo liliwahi kuvaliwa kwa ajili yenu, au na ninyi, na mimu moja iliyowashinda ili tuifungue pamoja, faragha, kabla ya kurekodi. Majina ya kanga tunayataka yote. Majina ya watu yaacheni.